Krismasi ya Ugogo huja na jembe

Mwishoni mwa Desemba Dodoma huwa mji wa watu wanaopishana. Watumishi wa umma waliohamia huku tangu 2016 hufunga ofisi zao za Mtumba na kukimbilia Moshi, Bukoba au Mbeya. Wakati huohuo wana wa Ugogo wanarudi kutoka Dar es Salaam, na treni ya SGR, iliyozinduliwa Agosti 1, 2024, imewapunguzia safari ikawa ya saa nne hivi. Stendi na stesheni zinafurika, mitaa ya katikati ya jiji inapwaya.

Ila anayerudi Mvumi au Chamwino akidhani anakwenda kukaa barazani na kuletewa soda, amepotea njia. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja tu: huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukoma Aprili. Krismasi basi inaangukia katikati ya kupanda mtama, uwele na karanga, na mbegu haingoji mgeni amalize likizo. Ikinyesha usiku wa mkesha, tarehe 25 watu watasali, watakula. Kesho yake, taifa likiwa limepumzika, familia iko shambani tangu alfajiri. Mjukuu wa mjini naye hupewa jembe.

Tena huu ndio wakati maghala yanapoelekea ukingoni. Ndiyo maana pilau ya siku hiyo, ya mchele wa Bahi na nyama ya mbuzi, ina uzito ambao mtu wa mjini haujui. Lakini pilau, kwa maoni yangu, ni ya kuwaridhisha wageni. Sikukuu hasa ni ugali wa uwele na mlenda mbichi uliochipua kwa mvua za kwanza, baada ya miezi mingi ya kula ule wa kukausha.

Kanisani nako kuna utamu wake. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Mpwapwa miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika ikaundwa 1927, kwa hiyo kuna koo ambazo Krismasi kwao ni urithi wa vizazi. Siku hizi kinanda cha umeme kinatamba, lakini akina mama wakibana ngoma za muheme mapajani, hata wazee waliokuwa wanasinzia husimama. Nje ni salamu ya Kigogo, “Mbukwenyi!”, kila upande, na watoto waliozaliwa Dar hujibu “Shikamoo”, mabibi wakacheka.

Kama unakwenda mwaka huu, beba sukari, beba unga, ongeza na mbegu. Na kabla ya kupanda gari piga simu kijijini uulize kama korongo linapitika. Mvua ikikolea, makorongo ya Dodoma hujaa kwa saa chache, na si mahali pa kujaribu ujasiri ukiwa na watoto.