Sola ya Trela la Kambi: Anza na Hesabu ya Matumizi

Wengi wanaotaka umeme wa jua kwenye trela la kulala kambini huanza kwa kununua paneli, na hapo ndipo fedha hupotea. Kinachotakiwa kwanza ni kujua utatumia nini. Friji ndogo ya volti 12 inayovuta wati 45, ikifanya kazi nusu ya siku, inakula wati-saa 540. Ukiongeza taa, feni na kuchaji simu, unakaribia 800. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini ukiimaliza zaidi ya nusu mara kwa mara inakufa mapema. Kwa hiyo unabaki na 600, ambazo hazitoshi hata siku moja ya mawingu.

Wapo watakaosema dawa ni kuongeza paneli. Karibu na ikweta, paneli za wati 300 zilizolazwa juu ya paa, kwa saa tano za jua kali na baada ya kutoa upotevu, huleta takriban wati-saa 1,000. Hiyo inatosha, ila msafiri huegesha chini ya mti kukwepa joto, na kivuli kidogo tu hupunguza umeme sana. Paneli moja ya kubebeka, yenye waya mrefu na mnene, ina faida kuliko mbili zaidi za paani. Betri ya lithiamu ni ghali, kweli, lakini hutumika karibu yote na hudumu miaka mingi zaidi. Nunua betri kwanza, na usisahau fyuzi karibu nayo.