Vifaru vya mezani: vita ndogo ya watu wazima

Kwa mtu aliyekwisha kusikia kifaru cha kweli kikipita njiani, udongo ukitetemeka, ni vigumu kuelewa namna gani mtu mzima anaweza kumaliza siku tatu juu ya kifaru cha plastiki kisichopita urefu wa kidole. Lakini Uingereza, Marekani na inchi zingine, wako wengi wanaofanya hivyo. Wanajenga jeshi zima, wanalipaka rangi, kisha siku ya mapumziko wanakutana kwenye meza yenye vilima na nyumba za katoni. Kila mmoja anasogeza vifaru vyake kwa kipimo cha mita, anatupa dadu, wanaangalia nani amepigwa.

Kimoja cha vipimo vinavyopendwa ni 1 kwa 100: sentimita 1 ya mezani ni mita 1 ya kweli. Tiger ya Wajerumani, chuma cha tani karibu 57, inabaki na sentimita 6 hivi, bila kuhesabu mdomo wa mzinga.

Vipande vinatoka kiwandani vikiwa vimeshikana kwenye fremu. Mtu anavikata, anavilainisha kwa tupa, anaviunganisha kwa gundi inayoyeyusha plastiki kidogo ili ishikane. Kichwa chenye mzinga mara nyingi hakibandikwi, juu lazima kizunguke. Tena upande wa mbele si pambo tu. Tiger ilikuwa na chuma cha milimita 100 mbele na 80 ubavuni. Njo maana kwenye michezo mingi wanaangalia kwanza risasi imetoka upande gani.

Kazi kubwa iko kwenye rangi. Wanaanza na rangi ya chini ili zingine zishike. Juu yake inakuja rangi yenyewe, na wengi wanaipunguza giza kidogo, maana kitu kidogo kikipakwa rangi ileile ya kifaru cha kweli kinaonekana cheusi kupita kiasi. Halafu wanamwaga rangi nyepesi kama maji, inaingia kwenye mifereji na kufanya kivuli. Mwisho, burashi karibu kavu inapitishwa kwenye kona, chuma kinaonekana kimechakaa. Matope kwenye minyororo, basi. Mchezaji anatazama akiwa amesimama kando ya meza, kwa hiyo kulia juu ya kila msumari ni kupoteza wakati.

Wabishi wa rangi nao wako. Mpaka mwanzo wa 1943 vifaru vya Wajerumani vilikuwa vya kijivu cha giza. Februari ya mwaka ule amri ilitoka: rangi ya chini iwe manjano ya giza, na askari wenyewe wapewe rangi nzito ya kijani na ya kahawia-nyekundu, waichanganye na maji ao petroli na kujipakia madoa. Kila kundi lilipaka kwa namna yake. Kwa hiyo mtu akikuambia madoa yako si sahihi, mwulize alimwona askari gani.

Mchezo huu una babu mmoja wa ajabu, H. G. Wells, mwandishi Mwingereza. Mwaka wa 1903 alitunga hadithi ya mashine kubwa za chuma zinazovuka mitaro ya vita, wakati kifaru hakikuwepo bado. Mwaka wa 1913 akatoa kitabu cha kanuni za kupigana na askari wa kuchezea sakafuni, kwa mizinga midogo inayorusha vijiti. Aliona kwamba mtu akicheza vita namna hiyo ataelewa upesi vita ya kweli ni ujinga gani. Mwaka uliofuata, vita ya kwanza ya dunia ikalipuka. Tarehe 15 Septemba 1916, huko Somme, Ufaransa, Waingereza wakatoa vifaru vya kwanza, aina ya Mark I.

Mark I nayo inauzwa leo katika sanduku, vipande vipande. Gundi unanunua mbali.