Siku vyombo vinapotolewa nje: somo la kupanga nyumba kutoka Osukuru

Katika vijiji vya Osukuru, wilayani Tororo mashariki mwa Uganda, familia nyingi zinaifahamu siku ambayo wapuliziaji wa dawa ya mbu hubisha hodi. Kabla hawajaingia ndani, chakula, maji, vyombo na nguo sharti vitolewe. Kitanda na kabati lisilobebeka husogezwa katikati ya chumba na kufunikwa. Saa moja baadaye uwanja umejaa: magunia, madumu, masanduku ya bati, magodoro, viatu visivyo na wenzake, redio iliyonyamaza miaka mingi. Baba, mama na watoto husimama chini ya mwembe wakitazamana. Vyote hivi vilikuwa vikikaa wapi?

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Mahali pengine duniani kupanga nyumba na kupunguza vitu ni jambo la mapambo na utulivu wa moyo. Katika ukanda huu wa mpaka wa Uganda na Kenya, kuanzia Tororo na Malaba hadi Busia, ni jambo la afya, la chakula na la haki. Hata hivyo linaweza kufanywa bila kuigeuza nyumba kuwa kambi, na bila kuwanyima watu furaha ya kuishi pamoja.

Vitu vinavyojaza nyumba

Osukuru ipo karibu na mji wa Tororo, kwenye vilima vya Sukulu vinavyojulikana kwa madini yake ya fosfati. Wakaazi wake wengi ni Iteso, na ndugu zao wa damu wanaishi ng'ambo ya mpaka, huko Amagoro na Amukura nchini Kenya. Kwa desturi boma si nyumba moja. Ni uwanja uliofagiliwa, wenye nyumba ya kulala, jiko lililojitenga, nyumba za vijana wa kiume na ghala la nafaka. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, kwa kuwa kila kazi ilikuwa na nyumba yake.

Mpangilio huo umebanwa. Mashamba yamegawanywa kwa warithi na wizi wa mazao umewafanya wengi waliache ghala la nje, hivyo gunia la mahindi limehamia sebuleni. Kuku nao huingizwa ndani usiku kwa hofu ya mwizi. Katika miji ya Busia na Malaba, mpangaji wa chumba kimoja hugawa chumba kwa pazia: upande huu kitanda, upande ule jiko, biashara na watoto.

Mpaka wenyewe pia huleta vitu. Ndoo za plastiki, sufuria, thermosi na mablanketi hupita kila siku mikononi mwa wachuuzi. Nguo za mitumba ni rahisi kiasi kwamba mtoto huweza kuwa na mashati manane na asiwe na mahali pa kuyaweka. Mwezi Agosti mwaka 2023 Rais Yoweri Museveni alitangaza huko Mbale kwamba uingizaji wa mitumba ungepigwa marufuku, lakini mitumba imeendelea kuuzwa. Kitu kilichonunuliwa kwa bei ndogo hakitupwi kwa urahisi, kwa sababu mwenyewe hujiambia kwamba iko siku kitafaa.

Hapo ndipo ushauri unaotoka mbali unapokwama. Mjapani Marie Kondo, ambaye kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2014, aliwafundisha mamilioni ya watu kurundika nguo zao zote mahali pamoja na kubaki tu na zile zinazowafurahisha. Hatua ya kwanza ya mafunzo hayo inafanana na siku ya upulizaji dawa Osukuru: toa kila kitu, ukione. Hatua ya pili haiingii kirahisi kijijini. Jembe lililolegea mpini halimfurahishi mtu, lakini litahitajika mvua zikinyesha.

Ukuta unaohitaji kuonekana

Ili kuelewa kwa nini vitu hutolewa nje, ni lazima kumwelewa mbu. Baadhi ya mbu wanaoeneza malaria, baada ya kunyonya damu usiku, hutua ukutani ndani ya nyumba wapumzike. Dawa iliyopulizwa kwenye ukuta huwaulia hapo hapo. Iwapo ukuta umezibwa na magunia, kabati na nguo zilizoning'inizwa kwenye misumari, dawa haifiki, na mbu hubakiwa na maficho yenye giza.

Katika wilaya ya Tororo suala hili ni la uhai. Watafiti waliokuwa wakikamata mbu huko Nagongera mwaka 2011 na 2012 walikadiria kwamba mkaazi mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Upulizaji ulianza mwishoni mwa mwaka 2014. Malaria ilipungua sana, hasa baada ya aina ya dawa kubadilishwa mwaka 2016. Dawa ilibadilishwa tena kuanzia mwaka 2020, na katika kipindi kilichofuata ugonjwa ukarejea kwa kishindo. Kisha mapema mwaka 2025, Marekani, mfadhili mkubwa wa kazi hiyo, ilipositisha misaada yake ya nje, upulizaji nchini Uganda ukawa miongoni mwa kazi zilizokwama.

Nyumba iliyopangwa vizuri haizuii malaria peke yake. Inachofanya ni kuzipa kinga nyingine nafasi ya kufanya kazi. Chandarua ni mfano ulio wazi. Uganda ilifanya kampeni yake ya kwanza ya kugawa vyandarua nchi nzima mwaka 2013 na 2014, na nyingine zikafuata. Lakini mtoto anayelala kwenye mkeka sebuleni, kati ya gunia na baiskeli, hana mahali pa kutundikiwa chandarua wala pa kukichomeka chini ya mkeka. Kuondoa gunia hilo ni kumfungulia mtoto mlango wa kinga ambayo tayari imo ndani ya nyumba, imekunjwa kwenye mfuko.

Pale ambapo dawa inapulizwa, utaratibu ni huu. Milango na madirisha hufungwa kwa muda wa saa mbili, kisha hufunguliwa hewa ipite kwa nusu saa au zaidi. Sakafu hufagiliwa na wadudu waliokufa hutupwa chooni au hufukiwa, ndipo watoto na kuku huruhusiwa kuingia. Kuta hazipaswi kuoshwa wala kukandikwa upya, kwa kuwa udongo mpya hufunika dawa. Hili ni gumu kwa akina mama ambao hukandika na kupamba nyumba kabla ya Krismasi. Anayefahamu kwamba wapuliziaji wanakuja na atangulie kukandika.

Gunia, chupa na karatasi

Ziko sehemu tatu za nyumba ambazo zinastahili kuanzwa, kwa sababu vurugu yake hugharimu zaidi ya usumbufu.

Ya kwanza ni nafaka. Mahindi yaliyowekwa sakafuni hunyonya unyevu, na unyevu huzalisha kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, na malori yakakwama mpakani. Kinga yake huanzia nyumbani: kukausha mahindi juu ya turubai badala ya udongo mtupu, kupanga magunia juu ya mbao au matofali, na kuacha nafasi kati ya gunia na ukuta ili hewa ipite na panya aonekane. Mahindi yaliyoota kuvu hayapaswi kuliwa, kupikwa pombe wala kupewa kuku.

Ya pili ni chupa. Dawa ya kunyunyizia mimea au mafuta ya taa yaliyotiwa ndani ya chupa ya soda ni mtego kwa mtoto mwenye kiu. Sumu yoyote inapaswa kubaki ndani ya chombo chake chenye lebo, juu kabisa, mbali na chakula, na ikiwezekana ndani ya sanduku lenye kufuli. Vidonge vilivyobaki kutoka kwa mgonjwa wa mwaka jana navyo vikaguliwe tarehe. Vilivyopitwa na wakati virudishwe kwenye kituo cha afya au duka la dawa, visihifadhiwe kwa matumaini.

Ya tatu ni karatasi. Mradi mkubwa wa fosfati wa Sukulu, uliozinduliwa rasmi Oktoba 2018, ulihitaji ardhi, na pale ardhi inapohitajika kila familia huulizwa uthibitisho. Makubaliano ya kununua shamba, vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, kadi za chanjo na stakabadhi za ada ya shule mara nyingi hufichwa chini ya godoro, na huko mchwa na mvua huzikuta. Mchuuzi wa mpakani anazo zaidi. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Kimarekani huvuka kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa, lakini cheti kilichopotea hakimsaidii mtu. Bahasha moja ya plastiki, ndani ya sanduku moja la bati, mahali ambapo watu wazima wawili wa familia wanapajua, yatosha. Yule wa pili ni muhimu: wajane wengi wamehangaika kwa sababu ni marehemu tu aliyejua karatasi zilipo.

Kutoa, bila kuvunja moyo

Baada ya hatari hizo tatu, vinabaki vitu vya kawaida. Njia nyepesi ni kugawa kazi kwa aina ya vitu badala ya kuivamia nyumba nzima: wiki hii nguo, wiki ijayo vyombo, ile nyingine zana za shamba. Miezi ya kiangazi, kuanzia Desemba hadi Februari, hufaa zaidi, kwa sababu vitu vinaweza kukaa juani siku nzima na magodoro yakapigwa vumbi.

Kila kitu kiulizwe maswali matatu. Je, kimetumika tangu mavuno yaliyopita? Kikiharibika, kuna mtu wa kukitengeneza na fedha ya kumlipa? Je, yuko jirani au ndugu anayekihitaji leo? Nguo za mtoto aliyekua huenda kwa binamu, sufuria iliyotoboka huenda kwa fundi au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na dumu lililopasuka hukatwa likawa chungu cha sukuma wiki. Vilivyobaki visivyo na kazi, hasa makopo na matairi yanayotuama maji, viondolewe. Maji hayo ni mazalia ya mbu wa aina nyingine, wale wanaoeneza dengi na homa ya manjano.

Vipo pia vitu ambavyo havipimwi kwa matumizi. Kigoda cha babu, chungu alichokuja nacho bibi siku ya ndoa yake, mirija mirefu ambayo wazee huitumia kunywea ajon, pombe ya wimbi, kutoka chungu kimoja. Mkaza mwana anayetaka kusafisha nyumba hutangulia kwa adabu: "Mama, hiki nikiweke wapi?" Hasemi, "Hiki nikitupe?" Swali la kwanza humpa mzee heshima ya kuamua, na mara nyingi huleta hadithi ambayo wajukuu hawakuwahi kuisikia. Wakati mwingine, hadithi ikishasimuliwa, mzee mwenyewe hukitoa kitu kwa mjukuu.

Nyumba ya kuishi, si ya kuonyesha

Ipo hatari ya upande wa pili: usafi unaomwangukia mtu mmoja. Ikiwa mpangilio mpya unamfanya mama afagie mara nne kwa siku huku wengine wakisikiliza redio, haujaipanga nyumba, umemwongezea kazi. Mpangilio unaodumu ni ule ambao mtoto wa miaka sita anaweza kuufuata. Kila mtoto na awe na msumari wake au mfuko wake wa nguo. Kichanja cha kukaushia vyombo kijengwe karibu na jiko, na zana za shamba ziwe na ukuta wake nje ya chumba cha kulala. Wavulana washike ufagio sawa na wasichana.

Pia si kila uchafu ni adui. Uwanja wenye maganda ya karanga jioni ni uwanja ambao watu wamekaa wakazibangua pamoja. Daftari lililofunguliwa mezani ni la mtoto anayesoma. Inatosha kuwa na saa moja, kabla ya chakula cha jioni, ambapo kila mtu hurudisha alichokitoa. Baada ya hapo ugali wa wimbi huletwa na mazungumzo huanza.

Wapuliziaji dawa huenda wakarudi Osukuru, au wasirudi kwa muda mrefu. Familia haihitaji kuwasubiri ili ivitoe vitu vyake nje na kuvitazama. Yatosha asubuhi moja yenye jua, mikono ya wote, na makubaliano kwamba vitakavyorudi ndani ni vile vyenye kazi au vyenye kumbukumbu. Usiku huo, mahali palipokuwa na gunia, chandarua kinaweza kutundikwa.