Msee wa Kyumbi Akiingia Meli: Panga Begi Yako Hivi

Simama pale Kyumbi steji mida ya saa tatu usiku, utajua mambo ya kupaki bila kufunzwa na mtu. Basi za Mombasa zinashuka na mbio kutoka Kanairo, makanga anataka abiria wawili watatu wapande chap chap, na dere hajazima hata injini. Msee ako na kabegi kamoja mgongoni anapanda, anakaa, wanaishia. Yule mwingine ako na sanduku mbili, gunia ya maembe na jerikeni anabaki chini akibishana vile buti imejaa. Nimelelewa hapo, kwa hiyo makutano ya Mombasa Road na barabara ya Machakos, na hiyo ndio shule yangu ya kwanza ya safari. Ya pili ilikuwa meli. Basi ikikuacha Kyumbi, ingine iko nyuma inakuja. Meli ikikuacha, wasee, hakuna ingine.

Nimemaliza kontrakti ya miezi nane ndani ya meli ya watalii, kazi yangu ikiwa kutengeneza kebini za wageni. Asubuhi natandika, jioni narudi natandika tena. Nimefungua kabati za watu wa kila rangi, nimeona vile walibeba na vile walijutia. Sai kuna watu wetu wako majuu wanalipia wazazi wao hizi safari, kuna vyama za wamama zinachanga doh pole pole, na kuna mayut kibao hapa Kyumbi, Mlolongo na Machakos tao wanataka kuingia hizo meli kama wafanyikazi. Hii risto ni ya wote.

Kwanza ujue ukubwa ya hiyo kitu. Icon of the Seas, ile ilianza kubeba wageni Januari 2024 kutoka Miami, ina urefu wa karibu mita 365. Panga uwanja tatu za kandanda kichwa kwa mkia, na bado meli itapita. Inaweza kubeba wageni kama 7,600, na wafanyikazi zaidi ya elfu mbili juu yao. Lakini ukishafungua mlango wa kebini ya bei ya chini, ile haina dirisha, utakuta chumba ni ndogo kushinda bedsitter ya Mlolongo. Kitanda, kabati, meza, na bafu yenye ukijipaka sabuni kiwiko kinagonga ukuta. Sanduku kubwa inaingia chini ya kitanda. Za pili na za tatu zinakaa katikati ya chumba wiki mzima mkizirukaruka. Kwa hivyo sanduku moja kwa kila mtu, basi.

Kuna begi ya pili lakini, na ndio ya maana kushinda zote: kale kabegi ka mgongoni. Siku ya kupanda, sanduku yako inachukuliwa na wapagazi pale bandarini, inapitishwa kwa mashine, na inaweza kukufikia mlangoni jioni kabisa. Nimeona familia mzima imekaa kando ya swimming na jeans nzito, jua inawachoma, watoto wanalilia maji, na nguo zao za kuogelea ziko kwa sanduku huko chini. Kwa mgongo weka paspoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, dawa zako zote, chaja, nguo ya kuogelea na tishati ya kubadilisha. Dawa hasa. Mathe ako na presha asiwahi tenganishwa na dawa yake hata lisaa limoja.

Kwa paspoti yetu ya Kenya kuna kitu watu hulenga hadi wakwame. Ukipanda meli Miami ama Barcelona, halafu izunguke nchi zingine na ikurudishe hapo hapo, umetoka nchi na unaingia mara ya pili. Hakikisha visa yako inakubali kuingia zaidi ya mara moja, na ucheki kila nchi yenye meli itatia nanga, hata kama huna mpango wa kushuka. Hiyo kazi fanya miezi kadhaa mapema, si wiki ya kusafiri.

Sasa vitu za kuacha home. Pasi, koili ya kuchemsha maji, mshumaa, ubani, na ekstensheni nyingi zenye watu hutumia kwa keja. Zikionekana kwa mashine zinachukuliwa, unarudishiwa siku ya kushuka. Watu hukasirika, lakini mimi nimefunzwa kuzima moto ndani ya meli na siwezi kulaumu hiyo sheria. Moto ikiwaka mtaani majirani wanatokea na ndoo. Katikati ya bahari jirani hakuna, ni nyinyi wenyewe mtaizima. Beba adapta badala yake, ju soketi za kebini mob ni za Marekani ama za Ulaya, na plagi yetu ya miguu tatu haiingii. Soketi ni chache, kwa hivyo chukua chaja moja yenye matundu mengi ya USB. Kitu kingine kidogo cha maana: ukuta wa kebini ni chuma. Sumaku tatu nne zenye ndoano zinakupea mahali pa kutundika kofia, kitambulisho, na hata leso imelowa. Wageni wazoefu wote nimewaona nazo.

Leso, by the way, usiache. Leso mbili za mwaitu, mathe wako, zinakuwa taulo ya bichi, shuka ya kujifunika kwa ndege, pazia ya kubadilishia nguo, na dera ya haraka ukitoka swimming. Pia beba sweta, na sisemi juu ya bahari, nasema juu ya hewa ya mashine kwa mahoteli na ukumbi wa maonyesho. Inauma kama ile upepo ya Julai inashuka kutoka vilima vya Mua. Ndula ni jozi mbili: moja ya kutembea, moja ya jioni. Meli nyingi huwa na usiku mmoja ama mbili za kuvaa rasmi, na hapo ndio utashukuru ulibeba shati ya kitenge imeshonwa poa ama gauni ya Ankara. Nimeona wazee wa Kizungu na suti za bei wakimwangalia mathe mmoja wa Kiafrika akipita na kitenge chake hadi wakasimama.

Na kyondo. Hii lazima niiseme. Siku moja nilifungua kabati ya mgeni nipange viatu, nikakuta kyondo cha mkonge, kile kigumu, na ngozi kwa mshipi, kile nimeona cucu akisuka kivulini tangu nikiwa mdogo. Huyo mgeni alikuwa amekinunua safari ya awali, meli ilipofunga Mombasa. Nilikishika kwa muda. Kutoka hiyo siku nawaambia watu wote: usinunue begi ya plastiki ya bichi, beba kyondo. Kinabeba taulo, maji, kitabu, mafuta ya jua, mchanga unakung'utika tu, na ukimpatia mgeni mwenzako kama zawadi hatakusahau.

Simu yako iweke kwa hali ya ndege dakika ile meli inatoka bandari, na usiitoe. Meli kubwa ziko na mtandao wao wa setilaiti, na simu ikishikana nayo inakula pesa hata ukiwa umelala. Nimeona mzee amekaa kwa kitanda ameshika kichwa juu ya bili ya simu yenye haikuwa na stori yoyote ndani, ni programu zilikuwa zinajifungua zenyewe. Kama unataka intaneti, nunua kifurushi ya meli, mara nyingi huwa bei nafuu ukilipia kabla ya kupanda. Ngoma na filamu zako zishushe ukiwa bado kwa waifai ya home.

Bahari itakutikisa. Mtu wa Ukambani, tumezoea ardhi kavu, na hakuna aibu hapo. Ukiweza kuchagua, chukua kebini ya katikati ya meli na ya chini, ju hapo ndio haichezi sana, kama vile siti ya katikati ya basi hurushwa kidogo kuliko ile ya nyuma kabisa. Tembe ya kichefuchefu inamezwa kabla bahari ichafuke. Tangawizi inasaidia, biskuti kavu inasaidia, na ukianza kusikia vibaya toka nje uangalie pale maji inakutana na mbingu. Usijifungie kwa kebini na simu machoni. Kwa pwani yetu, miezi ya kaskazi, kama Desemba hadi Machi, bahari huwa na roho safi, na ndio msimu meli za watalii huja Mombasa. Kusi ikishaingia mambo ni tofauti.

Halafu drili ya dharura. King'ora inalia milio saba mifupi na mmoja mrefu, na kila mtu anafaa ajue mahali pake pa kukusanyika na mahali maboya ya kujiokoa iko. Watu wanaona ni kupotezewa time, wanataka kuendelea na sherehe. Mimi siwezi bonga kuhusu hii kitu kwa wepesi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama mbele ya watu, umbali mdogo tu kutoka nchi kavu, na watu 272 wakafa. Tarehe 13 Januari 2012, Costa Concordia, meli ya kifahari kabisa, iligonga mwamba Italia na watu 32 wakaaga, na mamia ya wageni walikuwa wamepanda hiyo siku bila kufanyishwa drili. Baada ya hapo sheria ikabadilishwa, drili ikawa lazima kabla meli kuondoka ama ikiondoka tu. Ukisikia tangazo, acha sahani, enda. Hesabu milango kutoka kebini yako hadi ngazi, ili hata kwa giza ujue.

Ukishamaliza hayo, sasa kula maisha. Dishi ni ya kutosha na mob yake umeshalipia, kwa hivyo usijaze sahani siku ya kwanza kama mtu anaogopa itaisha. Osha mikono na sabuni kila mara, ju ugonjwa wa kuhara ukiingia kwa meli unasambaa kama moto wa nyasi. Amka mapema siku moja, kabla ya saa kumi na mbili, upande dek ya juu meli ikiingia bandari mpya. Hakuna kelele, kuna chai, na mji mzima unakuja kwako pole pole. Wageni wengi wanalipia hiyo safari na hawaoni hiyo kitu hata siku moja. Salimia pia wale wanakuhudumia kwa majina yao. Wanajua chakula ya bei poa iko wapi kila bandari, na watakwambia bure.

Ukishuka, shika saa ya meli, si ya nchi. Simu inaweza kujibadilisha yenyewe na ikakudanganya lisaa mzima. Rudi nusu saa kabla ya ile muda imeandikwa. Nimesimama juu nikiangalia watu wawili wakikimbia gatini mabegi mkononi, kamba zimeshafunguliwa. Tuliwaacha. Walikuwa wanatuangalia hadi tukapotea.

Kama doh ya hizo safari haijafika, kuna njia ya kuonja. Feri za Azam kutoka Dar hadi Zanzibar ni kama masaa mawili. Na kama unataka kulala majini kabisa, MV Victoria inatoka Mwanza usiku na asubuhi uko Bukoba. Ilirudi kazini 2020 baada ya kutengenezwa upya. Hapo utajua kama tumbo yako ni ya meli.

Na nyinyi mnataka kupanda kama wafanyikazi, hii ni yenu. Begi yenu ni tofauti: makaratasi kwanza, nguo baadaye. Paspoti, kitabu cha baharia, cheti cha usalama wa kimsingi chenye kinaitwa STCW, na cheti cha daktari, zote kwa faili haiingii maji na nakala kwa simu. Halafu viatu nyeusi hazitelezi, soksi mob, pazia nyepesi ya kitanda ju mtalala wawili chumba moja kitanda juu ya kitanda, na picha ya watu wenu. Kazi ni ngumu na ni siku saba kwa wiki. Lakini muko na haki. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, wenye Kenya iliridhia 2014, unasema lazima upate angalau masaa kumi ya kupumzika kwa kila masaa 24, na 77 kwa wiki.

Huo mkataba pia unakataza ajenti kukuchaji pesa ya kukutafutia kazi. Unaweza kulipia paspoti yako, kitabu cha baharia na cheti cha daktari. Pesa zingine za kutafutiwa kazi si zako kulipa. Kwa mtaa wetu kuna kijana aliuza ng'ombe wa mzae wake, akampatia broka doh yote, na hadi leo hajaona hata ngazi ya meli. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, ndio hupatia maajenti wa mabaharia leseni, na kuna Bandari Maritime Academy pale Mombasa ya kusomea. Mtu akikushow ako na nafasi kwa meli, uliza leseni, peleka jina lake KMA waliangalie, na kabla wakujibu usitume hata soo moja.