Kangambili Huanzia Udongoni

Mwezi Mei, vitumba vya pamba vinapopasuka Bariadi, Itilima na Maswa, inama ukitazame kimoja kwa karibu. Juu ya nyuzi nyeupe utawakuta wadudu wawili wekundu wenye mistari myeusi mbawani, wameungana kwa nyuma. Mmoja anatangulia, mwenzake anafuata kinyumenyume. Hao ni kangambili, na wamo kwenye kujamiiana.

Akishapandwa, jike huteremka chini, akachimba kishimo kwenye udongo wenye unyevu au chini ya majani makavu, akataga mayai yake kwa mafungu na kuyafukia. Baada ya wiki moja hivi hutoka tunutu wadogo wekundu. Kangambili hapitii hatua ya kiwavi kama kipepeo. Tunutu hufanana na mzazi wake, ila hana mabawa. Hujivua ngozi mara tano, na baada ya takriban mwezi mmoja huwa mdudu kamili anayeruka.

Chakula chake ni mbegu. Mdomo wake ni kama sindano ndefu: huupenyeza kwenye kitumba hadi ufike kwenye mbegu changa na kufyonza mafuta yake. Tundu ni dogo mno, lakini sindano hiyo huingiza ukungu unaoozesha kitumba kwa ndani na kuzipaka nyuzi rangi ya manjano. Pamba iliyopaswa kuuzwa kwa daraja la safi huishia kuwa fifi, na jasho la mkulima linapungua bei mbele ya mizani.

Pamba ikiisha shambani, kangambili hafi njaa. Huhamia kwenye mbegu za mbuyu, msufi na bamia, au hubaki kwenye mabua na vitumba vilivyosahaulika. Ndiyo maana maofisa ugani wanasisitiza kung'oa na kuchoma masalia. Hiyo ni kumnyima mdudu chakula na makazi kabla ya msimu mpya.

Lakini si kila chekundu ni adui. Katika mashamba ya pamba ya Afrika yupo mdudu mwingine mwenye rangi zilezile, anayeishi katikati ya kangambili na kuwala. Mtambue kwa mdomo: wake ni mfupi na umepinda, ilhali wa kangambili ni mrefu na hulazwa chini ya tumbo. Dawa inayopulizwa ovyo humuua huyu mlinzi pamoja na mwizi.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, usingoje wekundu utapakae juu ya vitumba. Chuma pamba mara inapopasuka, usiiache ikikaa shambani. Okota mbegu zilizodondoka. Ukiona tunutu wamekusanyika kwenye kitumba kilichoanguka, waangamize hapohapo, maana bado hawajaota mabawa. Wakishaota, shamba la jirani nalo limo hatarini.