Kumlipa msaidizi wa mgonjwa nyumbani bila familia kufilisika

NI saa moja za asubuhi. Baba yako, aliyepatwa na kiharusi miezi mitatu iliyopita, hawezi kujigeuza kitandani. Wewe unatakiwa kazini saa mbili. Utamwachia nani?

Mwaka uliopita mama mmoja alinijia akilalamikia maumivu ya mgongo na kukosa usingizi. Nilipompima, shinikizo lake la damu lilikuwa juu. Alikuwa ameacha kazi ya duka ili amtunze babake, kwa kuwa nduguze walisema hawana uwezo wa kuajiri mtu. Miezi saba baadaye kodi ya nyumba ilikuwa imewashinda na mzee alikuwa na kidonda kiunoni kwa kukosa mtu wa pili wa kusaidia kumgeuza. Nilikuwa na wagonjwa wawili badala ya mmoja.

Familia hiyo ilikosea hesabu. Waliuliza bei ya mtu wa kukaa na mzee usiku na mchana. Hawakuuliza bei ya mtu wa asubuhi tu.

Saa zipi?

Msomaji, kabla ya kutafuta pesa, andika kazi zote za siku. Utaona kwamba nyingi na nzito huwa asubuhi: kumwogesha mgonjwa, kumbadilisha nepi, kumketisha wima ili ale asipaliwe, kumpa dawa na kumnyoosha viungo. Saa nne au tano zatosha. Saa zinazobaki, jamaa wanaweza kupokezana kumgeuza kila baada ya saa mbili.

Kudunga sindano, kusafisha kidonda kikubwa au kubadilisha mpira wa mkojo ni kazi ya muuguzi. Mlipe kwa kila ziara, si kwa mwezi mzima.

Kiasi gani?

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Nusu yake ni kama Sh8,060. Basi anayekuja asubuhi siku sita kwa juma, ukimlipa Sh9,000, hujamnyonya.

Hata hivyo, kufanya kazi nusu siku hakumwondolei haki zake. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Michango ya NSSF na bima ya afya nayo iingie katika hesabu yako.

Pesa zitatoka wapi?

Usitarajie SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, ikulipie mshahara huo. Hata hivyo, mgonjwa aliyesajiliwa hutibiwa katika zahanati na kituo cha afya kwa gharama ya serikali. Pesa mlizokuwa mkilipa huko sasa zaweza kumlipa msaidizi. Isitoshe, mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu hupima shinikizo la damu na sukari nyumbani bila malipo. Mtafuteni.

Kama mzee ametimiza umri wa miaka 70, muulize chifu kuhusu usajili wa Inua Jamii, ambao kiwango chake ni Sh2,000 kwa mwezi. Kama mgonjwa ana bima ya kibinafsi, soma mkataba kabla hajatoka wodini. Baadhi hulipia muuguzi wa nyumbani kwa muda, lakini huenda wakataka kibali mapema.

Kama kiharusi kimemwachia ulemavu, apimwe na madaktari wa hospitali ya serikali na kusajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Wengi hawajui faida yake. Agizo la 2010 lilimwondolea mlemavu kodi ya Sh150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi, na kuruhusu hadi Sh50,000 zaidi kwa ajili ya dawa na matunzo ya nyumbani. Mgonjwa ambaye bado ana mshahara au biashara aulize ofisi ya KRA utaratibu wa sasa.

Pengo linalobaki ni la watoto. Chukua mfano wa Sh9,000: Inua Jamii Sh2,000, kodi ya chumba cha mzee Sh3,000, binti aliyeajiriwa Sh2,500, na kijana aliye Mombasa Sh1,500. Yule asiye na kazi hatoi pesa. Hutoa alasiri zake na Jumapili. Huo pia ni mchango, na uandikwe pamoja na mingine.

Pesa zitumwe kwa mtu mmoja kabla ya tarehe 5, naye aonyeshe hesabu kila mwezi. Msitegemee harambee. Harambee hulipa deni la hospitali mara moja, ilhali mgonjwa wa kiharusi aweza kuhitaji msaada kwa miaka.

Kaeni kikao hicho mgonjwa akiwa bado hospitalini, wala msimwachie dada mmoja mzigo kwa sababu tu hajaolewa au mshahara wake ni mdogo. Kidole kimoja hakivunji chawa.