Kompyuta yaweza kuzoea usemi wa mgonjwa

Mtu aliyepatwa na kiharusi huweza kurudi kutembea lakini akabaki na ulimi mzito. Jamaa zake humwelewa. Mgeni hamwelewi, wala kompyuta inayoandika maneno yanayotamkwa. Kwa nini?

Kompyuta hiyo huikata sauti katika vipande vidogo mno, kila kimoja kama sehemu moja kwa 40 ya sekunde. Hupima nguvu ya sauti nene na nyembamba katika kila kipande, kisha hukisia: hii ni 'p' au ni 'b'? Makisio hayo hutegemea kielelezo kilichotengenezwa kwa sauti za watu wengi, na wengi wao ni wazima. Mgonjwa ambaye misuli ya midomo na ulimi imelegea huburuta maneno, na pengine sauti yake hupitia puani. Usemi wa namna hiyo ni nadra katika kielelezo.

Njia mojawapo ni kuizoesha mashine sauti ya mtu huyo mmoja. Mgonjwa husoma sentensi zilizoandikwa. Mashine hulinganisha sauti yake na maandishi, kisha hurekebisha vipimo vyake vimfuate. Haianzi kujifunza upya. Mwaka wa 1995, Leggetter na Woodland wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba hata sentensi chache za msemaji mpya hupunguza makosa. Usemi ulioharibika sana huhitaji sentensi nyingi zaidi, na mgonjwa huchoka haraka. Kwa hivyo arekodi kidogo kidogo, akiwa na nguvu.

Lakini msikimbilie mashine kabla ya kujua tatizo ni lipi. Ikiwa mgonjwa anaelewa anachoambiwa na anaweza kuandika anachotaka, ila matamshi ndiyo mabovu, huenda mashine ikamfaa. Ikiwa maneno yenyewe yamempotea, au anataja kikombe akitaka kijiko, kasoro imo katika sehemu ya ubongo inayotunza lugha. Hapo mashine itaandika 'kikombe' sawasawa, na haja ya mgonjwa isijulikane. Anayehitajika zaidi ni mtaalamu wa tiba ya usemi.

Zaidi ya yote, usemi ukilegea ghafla, hasa mdomo ukienda upande au mkono ukikosa nguvu, usingoje kesho. Mpeleke mgonjwa hospitalini mara moja, hata kama dalili zimetoweka njiani.